Behewa Lililosafiri Mara Kumi na Tisa

Jamaa yetu anaitwa Chaki, kwa kuwa kwa miaka ishirini na mbili ameandika tarehe za kufika kwa chaki ubavuni mwa mabehewa ya mizigo. Kila suruali yake ina mfuko mmoja mweupe usiotakata, na mkewe alishakata tamaa.

Mwaka ule makao makuu ya reli yaliamua kupambana na malori yaliyokuwa yakiwanyang'anya mizigo. Amri ikatoka: behewa lisisimame stesheni zaidi ya siku mbili. Amri nzuri kabisa. Lakini mkuu wa stesheni akatafuta ujanja. Behewa likikaribia siku mbili, kichwa cha treni kililisukuma hatua ishirini, kisha Chaki akafuta tarehe ya zamani na kuandika mpya. Ripoti iliita hiyo safari. Stesheni ikasifiwa kwa wepesi, na vichwa ambavyo vingevuta mizigo vikashinda kutwa vikisukuma mabehewa huku na huku ili yasionekane yamesimama.

Uongo wa namna hii hauna kelele, ndiyo maana hata waungwana huuzoea. Chaki aliuzoea.

Mpaka alipokuja katibu wa ushirika wa wakulima, mama mmoja mwenye viatu vya matope.

“Baba, viazi vyetu vya mbegu viko wapi?”

Chaki akafunua daftari. “Vimesafiri mara kumi na tisa, mama.”

“Vimefika wapi?”

Akaonyesha dirishani. “Pale. Juzi vilikuwa karibu na choo.”

“Vimenishinda basi. Mimi nimesafiri mara moja tu, na nimefika.” Kisha akaacha utani. “Mvua imeanza, baba. Watu mia mbili wamelima, wanangoja. Wiki ijayo hiyo si mbegu tena, ni uozo.”

Alasiri dereva wa kichwa, kaka wa mke wa Chaki, akalisukuma behewa hilo kama kawaida.

“Futa basi, shemeji, twende zetu.”

“Leo sifuti.”

“Utatuharibia jina.”

“Lipo la kuharibu?”

Jioni Chaki akaandika kwenye ripoti tarehe ambayo behewa lilifika kweli, na asubuhi ubao ukaonyesha behewa moja limesimama siku thelathini na nane. Mkuu akatoka mbio, tai begani.

“Chaki, unataka kunimaliza?”

“Nimeandika lilivyo, bosi.”

“Liondoke kabla ya saa sita! Popote!”

“Linakwenda kwa wakulima. Hati ya mzigo iko mlangoni mwake.”

Likaondoka bila behewa jingine, likivutwa na vichwa viwili kwa hofu ya kuchelewa tena. Viazi vilifika vimechipua, vikapandwa siku hiyohiyo.

Chaki akapewa barua ya onyo: ameondoa behewa stesheni bila kujali kwamba safari za kila siku zitapungua.

“Umekosa nini?” mkewe akauliza.

“Mzigo umefika.”

Kesho yake dereva alikuwa akimngoja kwenye behewa la saruji. “Na hili, shemeji?”

Chaki akasoma tarehe, akaiacha ilivyo, akaenda kwenye behewa linalofuata.