Miguu Iliyosifiwa Nyumbani

Miguu yangu ilisifiwa kuliko akili yangu. Mashavu ya miguu yalikuwa manene, na baba, mfugaji wa Butiama anayempima kila kiumbe kuanzia nyuma, alipenda kunisimamisha mbele ya wageni. "Mtazameni. Dume la kulimia hili!"

Dume lenyewe lilikuwa linaanguka kwenye ngazi za shule, na kuinuka kwa kujishika mapaja, kama mtu anayejipanda mwenyewe. Waliniita mvivu. Kwa kuwa kukaa nyumbani nakupenda kweli, sikubisha.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaanguka kwenye soko la samaki la Mwigobero na ndoo ya dagaa. Muuza samaki akacheka, "Shemeji, miguu yote hiyo ni ya kupigia picha?"

Baba akanipeleka hospitali moja ya Bunda. Vipimo vilitumwa mbali, vikarudi baada ya miezi. Siku ya majibu daktari aliniita peke yangu, baba akabaki nje.

"Seli ya msuli ina fito ndani yake, kama nyumba ya udongo," alisema. "Kuna protini inayozifunga fito na ukuta, na kuijulisha seli inapovutwa. Yako ni pungufu. Kila ukitembea seli zinachanika. Zikifa, mafuta yanachukua nafasi."

"Kwa hiyo haya mashavu?"

"Mafuta, sehemu kubwa. Na moyo nao ni msuli, tutaufuatilia." Akaongeza kwamba kasoro hii mara nyingi mtoto huipata kwa mama.

Hilo nikaapa kulimeza. Ukoo wa baba ungelisikia, mama asingekaa kwa amani tena.

Jioni baba akauliza mbele ya mama, "Daktari kasema umetoka wapi ugonjwa huu?"

"Inatokeaga tu, baba. Labda ni kukaa sana."

"Si nilikuambia!"

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. "Wadogo zangu wawili walikuwaga na mashavu hayohayo. Tukawasifu mpaka wakashindwa kusimama. Nikawazika."

"Ulijua?" baba akamgeukia.

"Nilipomwona anajishika mapaja, nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Ulikuwa unafurahi, mume wangu. Ningekuambiaje?"

Baba akatoka bila kofia. Mimi na uongo wangu tukabaki tunatazama maharage.

Jumapili, baada ya ibada, wazee wa ukoo wa baba walikuja kwa wito wake, kumhoji mama. Mama hakupewa kiti. Mimi nilipewa, tena chenye mto.