Jina la Maige kwenye Ripoti ya Mbung'o

Kwa miaka tisa Maige alizunguka vichaka vya Shinyanga akikamata mbung'o kwa wavu, na kila mmoja alimwandika kwenye daftari: mahali, saa, dume au jike. Bwana mtafiti, mkuu wake wa kazi, alipoliomba daftari hilo, Maige alitaka kitu kimoja tu, jina lake liwemo kwenye ripoti. Bwana akakubali kwa mdomo. Na Maige, ambaye mnadani humbana muuza ndama mpaka jasho limtoke, akalitoa daftari hivyo hivyo, bila maandishi.

Ripoti ikasomwa mbele ya wataalamu, wakapiga makofi. Kisha Maige akatumwa Mhunze awaeleze wafugaji kwa Kisukuma kwa nini vichaka wanamozaliana mbung'o vifyekwe.

"Hesabu hizi ni zangu," akaanza.

Mwalimu Donatus wa pale alikuwa nayo ripoti mkononi, akamwambia Maige: "Shikamoo, Baba Paskalina. Nimeisoma yote. Humu jina lako halimo, wameandika 'mwenyeji mmoja' tu."

"Kumbe si zako!" akadakia mzee Mabula, mmoja wa wafugaji. "Basi mwenyewe aje afyeke!"

Wakaondoka wakicheka.

Jioni bwana akamuuliza watu walisemaje.

"Andika unavyotaka, bwana," Maige akajibu. "Mimi simo."