Hundi Iliyokaa Juu ya Friji

Hundi ilikuja kwa posta Jumamosi mchana, benki imeshafungwa. Iliandikwa majina yangu yote matatu bila kosa hata moja, na mimi niliyeishia darasa la tatu niliisoma mwenyewe mpaka chini. Nikaiweka juu ya friji, chini ya mfuko wa unga. Ilibidi ikae pale mpaka Jumamosi nyingine, maana siku za kazi natoka nyumbani benki haijafunguliwa, narudi wamekwisha funga.

Hiyo hundi ilikuwa ya kulipa mkopo. Mume wangu alipofariki hapa Louisville, watu wa mazishi hawakutaka kusikia habari za kuchangishana taratibu. Walitaka pesa kwanza, kaburi baadaye. Nikakopa benki, kwa jina langu. Tangu hapo kila mwezi benki wanachomoa chao, na kila nikiuliza kaunta deni limebaki kiasi gani, naonyeshwa namba ileile, imepungua kidogo tu, kama sabuni ya mtu bahili. Sehemu kubwa ya nilichotoa iliishia kwenye riba.

Mimi nafunga maboksi kiwandani, Jeffersontown. Unasimama juu ya saruji tangu asubuhi mpaka jioni. Magoti yangu yalikuwa yanakwisha haraka kuliko deni. Nilitaka kitu kimoja, niiache ile kazi nikiwa bado naweza kutembea mwenyewe kwenda mahafali ya wajukuu zangu. Nina wajukuu sita, hakuna mjinga hata mmoja, na watakaonuna kusikia hivyo wanune.

Habari ya kadi aliileta binti yangu aliyeko Columbus.

"Mama, kuna kadi ya mkopo isiyo na riba. Wanakutumia hundi, unaua mkopo wa benki, halafu unawalipa wao polepole."

"Cha bure hakipo."

"Si cha bure. Wanakata asilimia tatu mlangoni, mara moja. Baada ya hapo mwaka na nusu hawaongezi kitu. Mradi kila mwezi ulipe, usiruke hata mmoja."

"Na mwaka na nusu ukipita sijamaliza?"

"Hapo watakula kuliko benki."

"Haya. Angalau hujanidanganya."

Tukapiga hesabu kwenye simu. Kile nilichokuwa nalipa benki, nikikizidisha karibu mara mbili kwa saa za ziada kiwandani, kingemaliza kadi kabla riba haijaanza. Benki ilikuwa inanidai miaka minne mbele. Kwa kadi ningeacha kazi baada ya mwaka na nusu. Nikaiomba.

Sasa, sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania tuna desturi yetu. Mungu akikutendea jambo, hukai nalo nyumbani. Jumapili unapita mbele kushuhudia, kanisa linapiga vigelegele. Ukinyamaza unaonekana mchoyo wa shukrani. Binti yangu nilimpigia jioni ya Jumamosi ile kumwambia hundi imefika. Kesho yake akasimama kwenye kanisa lao la kupanga, mtaa wa Northland huko Columbus, akashuhudia. Alisema Mungu amemfungulia mama yake mlango, ametumiwa hundi ya maelfu, haina riba. Vigelegele vikapigwa. Kwamba hundi yenyewe ni deni, hakusema. Na ibada yao inarushwa kwenye simu, watu wanaitazama mpaka Buffalo.

Jumatatu jioni kaka yangu akapiga kutoka Buffalo.

"Dada, tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Usinifiche mimi. Wakwe zangu walikuwa kwenye ibada hiyo."

Hapo nikaelewa, nikakaa kitini. Kijana wake alikuwa amechumbia binti wa kanisa lilelile la Columbus. Wakwe walikuwa wamekubali kusubiri mahari. Baada ya ule ushuhuda hawakutaka tena kusubiri. Walimwambia, ukoo wenu umebarikiwa, mnatuchelewesha kwa nini. Harusi ilikuwa mwezi uliofuata.

Ijumaa jioni kaka akaingia kwangu, ameendesha gari peke yake kutoka Buffalo. Nikampikia ugali, dagaa na kisamvu. Alikula kidogo, akanawa, akaniangalia.

"Nilipokuja kumzika shemeji, nilikuuliza riba?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza utarudisha lini?"

"Hukuniuliza, kaka."

Ilikuwa kweli. Alitoa alichokuwa nacho, akakaa kwangu wiki nzima, na aliporudi Buffalo akakuta kazini wamemweka mtu mwingine.

"Basi niazime hiyo hundi. Mwezi wa tatu nikirudishiwa kodi ya serikali nakupa yote. Sifuri yako ya riba itakuwa bado hai."

Tangu baba afariki, kaka ndiye baba. Mkubwa wako amelala kwenye kochi lako, viatu vyake viko mlangoni kwako, humwambii hapana ukaenda kulala. Lakini hesabu niliijua. Nikimpa, mkopo wa benki unabaki palepale na kadi inaanza kudai. Ningekuwa na madeni mawili na magoti yaleyale.

Asubuhi akanywa chai taratibu. Akaomba nyingine. Benki yetu Jumamosi hufunga saa sita mchana, na ilikuwa imepita saa tano. Nikashusha mfuko wa unga, nikachukua hundi, nikaitia kwenye mkoba.

"Kaka, nipeleke benki."

Aliinuka haraka. Njiani alikuwa anacheka, ananisimulia suti ya kijana. Sikuweza kumwacha aendelee.

"Naenda kulipa mkopo. Nimekuomba wewe unipeleke ili uone kwa macho yako. Sitaki useme baadaye nilikuzunguka."

Akakata kona, akaingia kituo cha mafuta, akazima gari. Funguo akazishika mkononi. Magari yanaingia, yanajaza, yanaondoka. Saa ya kwenye simu yangu naiona. Kutembea mpaka benki kwa magoti haya nisingefika.

"Kwa hiyo watu wa Columbus nikawaambie nini?" akauliza. "Kwamba dada yangu amekataa?"

Nikatoa hundi, nikaiweka juu ya paja lake.

"Chukua. Nitaweka sahihi hapahapa. Lakini Jumatatu alfajiri uende wewe Jeffersontown ukasimame mahali pangu. Na Jumanne. Miaka minne. Ukikubali, washa gari turudi nyumbani."

Hakuigusa. Aliitazama, kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi zile za kubana, na bado vifundo vilikuwa vimevimba.

"Tangu utoto una mdomo mchafu," akasema.

"Ndio."

Akanirudishia hundi, akawasha gari.

Tulifika mlinzi yuko mlangoni anaangalia saa. Kaka alibaki nje. Msichana wa kaunta akachukua hundi, akabonyeza bonyeza, akaniuliza kama nataka kuua mkopo wote. Nikamwambia wote, usiache hata mzizi. Akanipa karatasi. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba.

Nikarudi kwenye gari. "Pesa sina," nikamwambia. "Lakini mimi ndiye shangazi wa bwana harusi, na shangazi ana kauli kwenye mahari. Twende Columbus sasa hivi."

Tuliendesha zaidi ya saa tatu. Kwa wakwe tulipewa soda na viti vizuri. Nikaeleza yote, mkopo, kadi, asilimia tatu. Nikawaambia ile hundi mliyoishangilia ni deni la mazishi, limehama nyumba tu.

Mama wa binti akakunja uso. "Kwa hiyo ushuhuda ulikuwa uongo?"

"Ulikuwa kweli. Binti yangu aliukata mapema."

Baba mtu akacheka, mkewe hakucheka. Wakavutana mpaka kiza kikaingia. Mwisho wakakubali nusu kabla ya harusi, nusu baada ya mwaka. Kaka alishukuru kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimemtoa kwenye shida, lakini nilikuwa pia nimemvua nguo mbele ya wakwe zake. Kumbe alikuwa amewaambia ana nyumba yake Buffalo. Mimi nilipokuwa naeleza nikataja kodi ya pango anayolipa kila mwezi. Nilimwona akiangalia soda yake.

Kwenye harusi alinisalimia kwa mkono, kama mgeni. Tangu siku ile hajakanyaga kwangu.

Kadi nimeilipa kila mwezi, sikuruka. Nimeimaliza majuzi, riba haijaanza, na Ijumaa iliyofuata nikarudisha glavu na kitambulisho cha kiwandani. Binti yangu akaniuliza kama anaweza kushuhudia. Nikamwambia ashuhudie chumbani kwake.

Jumapili nikapiga Buffalo. Akapokea mke wa kaka. Nyuma yake nikasikia kaka anakohoa.

"Mwambie nimemaliza kadi," nikasema. "Mwambie na kazi nimeacha."



"Amesikia," wifi akasema.

"Haya."

Nikangoja. Kaka aliendelea kukohoa, karibu zaidi sasa, na hakuna aliyekata simu.