Mama Claudine Akila Bukari

Virginie Mumba hushona sare za shule huku mtaani kwetu, Kampemba. Mimba zake mbili ziliharibika, na hii ya tatu ilipofika miezi minane, mama yake, Mama Claudine, aliahidi kuhamia kwake mpaka mtoto azaliwe. Virginie hakumwamini mtu mwingine. Ila simu yake hakuiweka chini: alipiga picha wauza mkaa, mafundi wa baiskeli, hata mbwa wa jirani.

Jumamosi alasiri sisi wapenda picha hukutana katika ukumbi wa parokia. Picha hurushwa ukutani kwa mashine ya projekta, kubwa kama shuka. Kila aliyemo husema kwanza kilicho kizuri, halafu kilichopungua, na mwenye picha hafungui mdomo hadi wote wamalize. Sheria hiyo ni ya Fils, kiongozi wetu. Mimi siipendi, maana kunyamaza kwangu ni ugonjwa.

Siku hiyo Virginie alileta picha ya mama yake jikoni. Tonge la bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo liko njiani, kinywa kiko wazi, mafuta yanang'aa kidevuni, na mwenyewe anacheka. Lo! Tulipiga makofi. Mimi nilisifu mwanga wa dirishani. Mwenzetu Nono akasema sufuria ya nyuma inavuta macho, ingefaa mpigaji asogee kidogo. Virginie alisikiliza huku akitabasamu.

Ndipo mume wake, Dominique, akaingia kumchukua.

"Karibu, ndugu! Huku kila muntu anasema," Fils akamwita. "Unaona nini?"

Dominique alitazama ukuta. Mara akageuka, akaziba uso kwa mikono miwili.

"Iko mubaya vile?" Fils akacheka. Nasi, wajinga wakubwa, tukacheka.

"Ule njo mama mukwe wangu," Dominique akasema kwa sauti ya chini. "Iko anakula."

Katika ukoo wao, mkwe hamwoni mama mkwe akila, hata kwa bahati mbaya. Tangu ndoa ile ifungwe, Mama Claudine hajanywa hata maji mbele ya Dominique. Nasi tulikuwa tumemwanika ukutani, mdomo wazi, tukijadili sufuria! Fils alikimbilia mashine, akashindwa kuizima, akasimama mbele ya ukuta ili aifiche picha. Tonge la kwenye picha likamwangukia kwenye shati. Virginie alikuwa ameganda kwenye kiti.

Kesho yake nilimsindikiza Virginie kwa mama yake. Kuficha kusingesaidia; mji huu una midomo. Alieleza yote akilia, kisha akampa simu.

Mama Claudine aliitazama picha.

"Iko muzuri," akasema. "Nacheka sawa marehemu mama yangu." Akairudisha simu. "Lakini haukuniuliza, mwana yangu. Kwako shitakuya tena."

Nilidhani nimesikia vibaya: hatahamia kwa binti yake?

"Mama, Dominique ataleta mbuzi ya kulipia kosa. Baba mukubwa yake ameisha kukubali."

"Alete. Mbuzi itamaliza haya yake. Haya yangu itabakia."

"Na mutoto, mama? Nani atanishika?"

Virginie alikuwa amelikumbatia tumbo lake kwa mikono yote miwili. Mama yake aliliona. Nilimwona akiliona. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.