Hati Iliyoshonwa Ndani ya Mto

Saa mbili asubuhi, fundi makochi anayejulikana mtaa mzima kama Mama Sponji amepiga magoti mbele ya kochi la watu wawili, nyundo mkononi, misumari midogo mdomoni. Leo hapokei mteja.

"Makochi ya watu yatasubiri," anasema baada ya kutemea misumari kiganjani. "Hili ni langu."

Fremu yake ilining'inia ukutani mwa karakana hii miaka minne, mbao tupu. Aliiunda seremala wa mlango wa pili, anayemtengenezea fremu zote. Siku aliyoileta alimwambia, "Ivishe siku utakayonikubali."

Naye Mama Sponji alimpenda, tena sana. Kikwazo kilikuwa hati ya talaka. Mahakama ilikuwa imeamuru mumewe wa zamani alipe matunzo kila mwezi, na siku ile, machozi yakimtoka, Mama Sponji aliondoka na maneno matatu tu kichwani: mpaka atakapoolewa tena. Akaamini kwamba akiolewa, hata matunzo ya binti yake, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, yatakatwa.

"Sikuwa tayari kula harusi kwa ada ya mwanangu," anasema.

Hati aliihifadhi kifundi. Aliishona ndani ya mto wa kiti chake cha kazi, isipotee. Haikupotea, ila na yeye hakuisoma tena. Mtalaka wake alijua kilichoandikwa, akanyamaza. Kila wakikutana alimchokoza: "Si uolewe basi, tuone!"

Mwezi uliopita, akiwa na oda za kumtosha miezi mitatu, alisema liwalo na liwe, ataolewa. Mwanawe atamsomesha mwenyewe. Akaufumua mto, akaenda mahakamani kuomba matunzo yasitishwe. Karani akafunua ukurasa wa pili.

"Mama, huku umewahi kufika?"

"Huko kuna nini?"

"Yanayokoma ukiolewa ni matunzo yako wewe. Ya mtoto hayaguswi. Baba yake atalipa mpaka atimize miaka kumi na minane."

Mama Sponji aliketi sakafuni palepale. "Miaka minne nimelikalia jibu langu!" anasema, akicheka mpaka anashika mbavu.

Siku ya shauri, mtalaka alifika na shati jipya, meno yote nje, akidhani Mama Sponji bado hajui. Hakimu aliposoma ukurasa wa pili kwa sauti, meno yakarudi ndani.

"Fungu langu nimekuachia, baba mtoto," Mama Sponji alimwambia mlangoni. "La mwanao usilicheleweshe."

Harusi ni Jumamosi. Baada ya hapo wanandoa hao watabomoa ukuta kati ya karakana zao, ziwe moja. Hati sasa anaitunza binti, ambaye ameisoma mpaka kwenye mhuri.

Seremala anachungulia mlangoni, vumbi la mbao kichwani. Mama Sponji anagongelea msumari wa mwisho, anakipangusa kitambaa kwa kiganja, kisha anasogea upande mmoja wa kochi.

"Njoo ukae," anamwambia. "Umesimama vya kutosha."