Nyuzi Nne Zisizopimwa

Katika miaka ile ya wakimbizi nilikuwa msimamizi wa stoo ya chanjo mjini Kigoma. Ilisemwa baadaye kwamba friji yetu ilipuuzwa. Haikupuuzwa. Iliangaliwa asubuhi na jioni, kwenye skrini, kama tulivyoagizwa.

Ndani ya friji mlikuwa na kipimajoto kilichounganishwa kwa waya na kompyuta. Kompyuta haiwezi kukisoma chombo cha namna hiyo yenyewe. Inahitaji programu ndogo iitwayo dreva, na yetu iliandikwa na mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Chanjo ya surua huwa salama kati ya nyuzi mbili na nane. Skrini ilionyesha nne. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Kila kompyuta ilipowaka, nne.

Siku moja boti zilileta watu wengi kutoka ng'ambo ya ziwa. Walikuwa wapelekwe kambini, ambako surua ilikwisha kuingia, kwa hiyo watoto walipaswa kuchanjwa kwanza hapo ufukweni. Muuguzi wetu alitoa kichupa, akakitazama kibandiko chake ambacho hubadilika rangi kwa joto. Kibandiko kilikuwa kimegeuka cheusi.

"Mzee, hii imekufa."

"Skrini inasema nne."

"Basi wachanje kwa skrini."

Vichupa vyote vilikuwa hivyo. Nilimpigia simu mtaalamu. Alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba huenda waya umekatika, na kipimajoto kisipojibu, dreva hubaki na namba iliyoanza nayo.

"Nikaweka nne, mzee. Ndiyo joto sahihi la friji."

"Friji ipi? Hii hukuipima!"

"Ningeweka namba ya hitilafu, kengele ingelia kila umeme ukirudi. Mngenilalamikia ninyi wenyewe."

Hilo linanikera hadi leo. Namba ya kuanzia ilipaswa kuwa ile ambayo hakuna friji duniani ingeweza kuwa nayo, ili hata mfagizi akipita ajue kwamba hakuna aliyepima. Yeye alichagua namba ya kutuliza watu. Aliahidi kurekebisha. Sikuwa na la kumfanya.

Niliomba malori ya kuwapeleka kambini yasubiri chanjo nyingine ifike. Nikajibiwa kwamba ufukwe umejaa, na amri imekwisha kutoka.

Mama mmoja wa Kongo, mtoto mgongoni, alinishika mkono wa shati.

"Papa, sindano ya mutoto iko wapi? Mulisema tutaipata hapa."

"Imeharibika, mama."

"Nani aliiharibu?"

Nilianza kumweleza habari za waya, nikajisikia ninavyosema, nikamwita muuguzi. Muuguzi alimpokea mzigo wake ili apande lori, akamwambia harakaharaka mambo ya kuangalia: homa, macho mekundu, vipele kuanzia usoni. Hatukuwa na kingine cha kumpa. Lori likashika njia ya Kidahwe, kuelekea kambini.