Fundi Aliyegeuzwa Ukutani

Juzi mchuuzi wa maharage aliyeteremka kutoka Mgeta alinipa habari kwamba yule fundi wa mkono mmoja amefariki, na amekwishazikwa. Wasomaji wengi hawakumjua. Mimi nilimjua tangu enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, yeye akiwa msaidizi wa mitambo katika shamba la mkonge upande wa Kingolwira, mimi nikiwa karani na mkalimani bomani. Sikuwa rafiki yake. Mkimaliza kusoma mtaona kwa nini sithubutu kujiita hivyo.

Fundi mkuu pale shambani alikuwa Mdachi. Kila alipoifungua mashine ya kuchakata mkonge, alimwamuru msaidizi wake, huyu mwenzetu, ageukie ukutani, kwa maana ujuzi ule, alisema, haukuwa wa watu weusi. Mwenzetu aligeuka, akasikiliza. Kwa mlio akajua kisu kipi kimelegea, na kwa harufu akajua wapi mafuta yamekauka. Siku moja Mdachi alikuwa kitandani na homa, mashine ikakwama, majani yakaanza kunyauka uani. Mwenzetu akaifungua na kuitengeneza kabla ya adhuhuri. Mwenye shamba alipopata habari akamwita. "Nani kakufundisha?" "Hakuna, bwana. Nilisikiliza." Alipigwa kofi, na tangu siku hiyo mashine ikifunguliwa alitolewa nje kabisa.

Baadaye likabandikwa tangazo bomani, na mimi ndiye niliyelitia katika Kiswahili: ni marufuku kuvusha mpaka miche ya mkonge au vipuri vya mashine zake, wala kwenda kuwafundisha watu wa nchi jirani kazi hiyo. Jirani alikuwa Mwingereza, naye ndiyo kwanza anaanza kulima mkonge. Mlowezi mmoja wa huko alimpelekea mwenzetu ujumbe: njoo na miche, mashine utaifungua kwa mikono yako mwenyewe. Sidhani kama ilimchukua siku mbili kuamua. Alikamatwa njiani, kabla hajaufikia mpaka, akiwa na mfuko wa miche midogo, ile inayoota juu ya mlingoti, lile shina refu la maua ya mkonge.

Katika shauri lake, mwenye shamba ndiye aliyekuwa shahidi. Mtu huyu alizoea kuwasimulia wageni wake, huku akicheka, jinsi miche ya kwanza ya shamba lake ilivyotoroshwa kutoka nchi ya mbali iliyokuwa imekataza isitoke. Watumishi wote wa mezani waliijua hadithi hiyo. Mshtakiwa alipopewa nafasi ya kusema, alinigeukia mimi. "Mwulize bwana, yeye miche yake aliomba ruhusa kwa nani?" Afisa aliyesikiliza shauri akaniuliza amesema nini. Nilikitazama kiboko kilichokuwa mezani. Nikajibu kwa Kidachi, "Anaomba msamaha."

Alipigwa viboko ishirini na vitano, akatiwa mnyororo, akarudishwa shambani kuilisha majani mashine ileile. Haukupita mwezi, kisu kikalegea. Aliusikia mlio, akaomba isimamishwe; mnyapara akamwambia kwamba mfungwa hana ruhusa ya kuzungumzia mashine. Mkono wake wa kulia ukaenda na majani. Mwenye shamba alikuja, akatazama singa, zile nyuzi za mkonge, zilizolowa damu, akaamuru zioshwe upya kabla hazijaanikwa. Majeruhi hakumuulizia.

Miaka mingi baadaye, Wadachi wakiwa wameshaondoka, nilipanda Mgeta kwa shughuli zangu, nikamkuta anapalilia shamba lake, mpini ameubana kwapani. Nikamsalimu. Aliitikia bila kuinuka. "Karani," akasema, "Kidachi changu kilikuwa kidogo, lakini neno la msamaha nilikuwa nalijua." Kisha akaendelea na jembe lake.

Siku hizi nawasikia tena wakubwa wakijadili nani aruhusiwe kujifunza nini, na mashine ipi isivuke mpaka upi. Huenda sheria za namna hiyo zina haja yake. Mimi si mwanasheria. Ila anapokuja mtu na sheria ya kufungia ujuzi, mwulizeni kwanza wa kwake aliupata wapi. Na ikiwa wewe ndiye uliyesimama katikati kama mkalimani, lifikishe swali kama lilivyoulizwa. Mimi sikulifikisha. Nikabaki na mikono yangu yote miwili.